Mafuta Yasiyodondoka

Fundi Hakika ni jirani yangu wa mlango wa tatu, na haya aliyonisimulia sikuyatia chumvi. Yalikuja na chumvi yake. Jina la Hakika alipewa na wateja, kwa kuwa gari likifika kwake, kabla boneti haijafunguliwa, yeye ameshakuwa na hakika.

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote. Alifagia karakana, akapitisha kitambaa kwenye sakafu aliyoipaka rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, akanywa chai amesimama. Saa nne asubuhi gari la kuvuta mengine likaingia kinyumenyume na kushusha gari la marehemu kaka yake.

Mjane wa kaka akashuka, amekumbatia bahasha ya kaki.

"Shemeji, hujambo?" Hakika akamsalimu.

"Sijambo, shemeji. Nimelitoa yadi ya ukaguzi. Miezi kumi na moja, saini tisa. Hawakutaka nilivute mpaka fundi athibitishe ni bovu, na fundi hakuruhusiwa kuliona mpaka nilivute."

"Sasa ulifanyaje?"

"Nililia. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa saini ya kumi."

Gari lilikuwa zee, la enzi za vioo vya kupandisha kwa mkono, na madigadi ya kulia imekunjamana kama karatasi. Lilikuwa limeteremka mlima wa hospitali, likapita katikati ya kibanda cha fundi viatu, naye akiwa ndani, likaishia ukutani. Walizikwa wawili. Ofisi ya ukaguzi wa magari ikatoa ripoti ya mistari mitatu: barabarani hapakuwa na alama za tairi, kwa hiyo dereva hakukanyaga breki, kwa hiyo alikuwa amelala. Mkaguzi hakufungua boneti. Inasemekana hata kiti chake hakukiacha.

Tangu siku hiyo binti wa marehemu huitwa shuleni mtoto wa mlala-usukani, na mjane wa fundi viatu akikutana na shemeji sokoni hutema mate chini.

"Wanasema watafungua upya faili, fundi akijaza hii." Shemeji akatoa fomu. "Niandikie ukweli, shemeji. Wengine wataniandikia ninachotaka kusikia. Wewe ni damu yake."

Hakika akaisoma mpaka chini. *Sahihi au dole gumba la dereva mhusika. Fomu isiyo na alama ya dereva haitapokelewa.*

"Dereva si ndiye tuliyemzika?"

"Niliwauliza. Wakasema fomu ni moja kwa wote."

Wakacheka kidogo. Hawakucheka tena siku ile.

Jambo moja shemeji hakuwa na uhakika nalo. Asubuhi ya ajali, kaka alipitia hapo karakana. Alishuka peku, kama kawaida yake. Alisema mguu mtupu ndio unaojua gari linataka nini. Mguu wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne. Cha tano kiliondoka utotoni na jembe, na jembe lilikuwa mikononi mwa Hakika.

"Bwana mdogo, pedali imekuwa ngumu. Na mafuta ya breki yanapungua, lakini chini sioni hata tone."

Kulikuwa na wateja wanne pale. Kaka, mcheshi wa kuzaliwa, akawageukia: "Huyu kufungua anajua jamani. Kufunga ni majaliwa." Wateja wakaangua kicheko.

Hakika alijua. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua kwamba mafuta yanayopungua bila kudondoka yanakwenda mahali fulani. Lakini kicheko kilikuwa bado kinamwasha masikioni. Akajaza kikopo cha mafuta, akafunga boneti kwa kishindo, akasema, "Ni uzee tu. Nenda."

Kaka akaenda.

Sasa Hakika akafunga betri ya karakana, akaketi kwenye kiti kilekile. Injini imezimwa, akakanyaga pedali mara tano, akaishikilia chini, akawasha. Kwenye gari lisilo na hitilafu, hapo pedali huzama kidogo chini ya mguu kama mtu aliyeshusha pumzi. Hii haikuzama. Jiwe.

Akamimina chupa ya mafuta, akakanyaga, yakaisha. Sakafu kavu. Akamimina ya pili. Kavu.

"Usiguse hayo, shemeji, yanakula rangi," alimwonya.

Akachomoa betri, asije akapigwa shoti. Akafungua masta silinda, pampu inayosukuma mafuta kwenda magurudumuni. Nyuma yake, busta, lile dude la chuma mfano wa sufuria linalomsaidia dereva kukanyaga, lilikuwa limejaa mafuta meusi. Ugonjwa mmoja, dalili mbili: mpira wa nyuma wa masta silinda umechoka, mafuta yanapenya ndani ya busta badala ya kudondoka, busta inakufa, pedali inagoma. Marehemu alikanyaga. Alikanyaga mpaka mwisho wa mlima.

"Umeona nini?" shemeji akauliza.

"Bado natazama."

"Siku ile aliniambia anapitia kwako."

"Alipita kusalimia."

Shemeji akamtazama. Kisha akasogea nyuma ya gari, akaegemea ukuta.

Hakika akaitoa na busta, akaviweka vyote juu ya meza. Sasa pedali haikushikana na kitu chochote. Ilipaswa kuning'inia, ukiigusa inaanguka, kama mkono wa mtu aliyelala. Akaisukuma kwa kidole.

Haikwenda.

Akapanda, akaweka mguu. Akasukuma. Ngumu. Akasukuma kwa uzito wake wote, mgongo umebana kiti. Ndipo kitu kikamsukuma yeye. Polepole. Kutoka chini. Kandambili yake ilikuwa imelika, nyembamba kama karatasi, na kupitia soli ile akahisi unyayo. Una joto. Kisigino. Kisha vidole, kimoja kimoja.

Alihesabu. Hakutaka, lakini alihesabu.

Akaruka nje. Akasimama penye meza, anajifanya anatafuta spana.

"Shemeji," sauti ikatoka nyuma ya gari, ya chini sana. "Nani anakanyaga breki?"

"Hakuna mtu."

"Taa zinawaka."

Akageuka. Ukuta ulikuwa mwekundu. Uso wa shemeji ulikuwa mwekundu. Betri ilikuwa sakafuni, hatua mbili kutoka miguuni mwa Hakika. Taa zikazima. Zikawaka. Zikazima. Zikawaka, zikakaa, kama za mtu anayeteremka mlima.

Shemeji hakupiga kelele. Alinong'ona tu: "Kwa hiyo alikanyaga."

Hapo ndipo mtu mwingine angeanguka kifudifudi akaungama. Hakika alichukua kalamu. Akaandika, mbele ya macho ya shemeji: *Uvujaji umesababishwa na ajali. Kabla ya hapo breki zilikuwa nzima.*

Shemeji aliisoma mara moja.

"Haya," alisema. "Basi mume wangu alilala." Akaondoka bila kuaga, fomu akaiacha mezani.

Hakika akaifungia kwenye saraka ya meza, akaweka ufunguo mfukoni.

Jumatatu asubuhi akaifungua. Karatasi ilikuwa imelowa kwa harufu anayoijua. Maneno yake yote yalikuwa yameliwa, weupe mtupu. Wino wa ofisi haukuguswa. Na chini, kwenye mstari wa dereva, palikuwa na alama nyeusi ya mafuta. Si dole gumba. Kisigino kilianzia kwenye tarehe, na vidole vinne vikaishia pembeni ya karatasi.

Akaketi, akaandika upya. Safari hii aliandika yote: pedali, mafuta, kikopo alichojaza, kicheko, "Nenda." Nafasi ikaisha, akageuza nyuma.

Karani wa ofisi ya ukaguzi aliipokea kwa ncha za vidole.

"Hii alama ya dereva ni nini?"

"Mguu."

"Mguu." Karani akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa muda, akafunga. "Panasema alama. Hapasemi ya wapi." Akagonga muhuri juu ya vidole: IMEPOKELEWA.

Jina la marehemu likasafishwa baada ya miezi mitano, kwa barua yenye makosa mawili kwenye jina hilohilo. Shemeji aliipeleka mwenyewe kwa mjane wa fundi viatu, naye aliisoma mlangoni, akafunga mlango. Sokoni sasa anatema mate akikutana na Hakika. Shemeji hatemi mate. Hamwoni kabisa, hata akiwa mbele yake.

Gari liliuzwa chuma chakavu. Karakana haina wateja, lakini Hakika bado huifungua kila siku, huketi kwenye kigoda chake pembeni ya mlango. Juzi nilikwenda kumsalimia. Pale gari liliposimama, rangi nyekundu ya sakafu imebanduka mpaka kwenye saruji, kama inavyobanduka ikimwagikiwa mafuta ya breki. Ni umbo la mguu, wa kulia. Mbele yake kuna mwingine, wa kulia pia. Ameshapaka rangi mara sita, ananiambia, na kila akipaka huongezeka mmoja.

Nilizihesabu nikiondoka. Ni nyayo saba. Wa saba uko karibu sana na kigoda hivi kwamba akiketi, huiweka miguu yake pembeni, ili asiukanyage.