Tatu, Lakini Zipi?

Mama yetu, tunayemwita yeyo, alikuwa anapoteza kusikia. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa njiani. Alituomba kitu kimoja tu: asikie tena sauti ya marehemu baba kabla hajawa kiziwi.

Sauti ilikuwepo, kwenye kanda tatu za zamani. Baba alipenda kurekodi jioni zetu, maziwa yakipashwa moto, sisi watoto tukigombania kigoda. Loo, jioni zile! Nazikumbuka mpaka moyo unauma. Lakini kanda zilikuwa zimejaa mikwaruzo.

Mimi na kaka yangu Lengai tuliziingiza kwenye kompyuta yetu hapa Moshono. Kisha tukakodi kompyuta tatu zenye nguvu kwa njia ya intaneti. Kila moja isafishe sauti ya kanda moja. Kompyuta hizo ziko mbali, huzioni kwa macho. Kwa hiyo Lengai akaandika skripti, yaani maagizo mafupi ya kuuliza: ngapi zimewashwa?

Kila asubuhi jibu lilikuwa: "Tatu." Tukatulia. Siku ya nne, kanda mbili zilikuwa tayari. Ya tatu, wapi!

Jirani yetu Ruth, mtaalamu wa kompyuta, akaja kuangalia.

"Hapa kuna kompyuta nyingine mliyokodi, ya majaribio. Nani aliiwasha akaisahau?" akauliza.

Lengai akajikuna kichwa. "Ni mimi, dada."

"Basi, hiyo inakaa bure. Ya kanda ya tatu ilizimika siku ile ile ya kwanza. Hesabu bado ni tatu, mkadanganyika."

Yeyo akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa sauti kubwa. Akacheka.

"Baba yenu alihesabu ng'ombe lini? Alimwangalia kila mmoja, rangi na pembe. Wa jirani akiingia, wako akabaki porini, hesabu itakuambia nini?"

"Umemaliza, mama," Ruth akasema. "Skripti ioneshe jina la kila kompyuta, kazi yake, na imewashwa tangu lini. Usiyoijua, uliza kwanza ndipo uzime."

Lengai akaiandika upya. Tukazima ile ya majaribio, tukawasha iliyozimika. Tangu hapo kila asubuhi tunasoma majina.

Jumapili, baada ya ibada, tulimvalisha yeyo spika za masikioni. Kanda ya tatu ikaanza. Baba akakohoa. Akaita ng'ombe wake. Kisha akapaza sauti: "Mama Lengai! Chai vipi?"

Yeyo akageukia jikoni.

"Subiri bwana, inachemka!"