Mtani Aliyenyamaza

Mwili wa Kapya ulilazwa mchangani, umefunikwa kitenge cha mkewe. Ukungu wa asubuhi ulipita taratibu juu ya mto, ukificha miti, ukiifunua, ukiificha tena. Inspekta Mutale, aliyesinzia njia nzima kutoka Lubumbashi, alijiona kama bado anaota. Mahali pazuri namna hii, aliwaza kwa hasira, na watu wanakuja kufia hapa!

Walikuja watatu kutoka Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, kutembea porini mwisho wa juma: Kapya, fundi wa karakana ya mgodi, mkewe Mwaba, na fundi mwenzake Nkandu. Karibu na kijiji cha Lukafu walifuata kijito, maji magotini, kila mmoja na fimbo mbichi ya kupimia kina. Mchana wakafika mtoni, wakaogelea. Jioni Kapya alikutwa amenasa kwenye mizizi.

"Mulikuwa wapi, mama?" Mutale alimuuliza Mwaba.

"Kule juu, napika bukari. Nilisikia kicheko tu, baba inspecteur. Bale bawili banachekaka siku yote. Ni batani."

Mutale alielewa. Kapya alikuwa wa ukoo wa Samaki, Nkandu wa ukoo wa Mamba, na koo hizo zinataniana tangu mababu. Mtani hukutukana, huchukua kitu chako, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukifa, yeye ndiye anayekuchimbia kaburi huku akiwachekesha waliofiwa. Bila yeye huziki mtu.

Alichuchumaa, akakagua mikono ya marehemu. Chini ya kucha mlikuwa na maganda mabichi ya mti.

Watu wa Lukafu waliokuja na machela walikuwa wakimtazama Nkandu, wakisubiri. Samaki amekufa maji! Mtani gani angeuacha mzaha kama huo? Nkandu alikuwa akiangalia miguu yake.

"Citoyen Nkandu, weye njo mutani. Sema kitu," Mutale alimwambia.

"Sina kitu, chef."

"Samaki anakufa mu mayi, na Mamba iko kimya?"

Nkandu alichora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Ulikuwa wapi?"

"Nililala pa majiwe. Sikuona kitu."

"Fimbo yako iko wapi?"

Ilikuwa imeegemea mti. Mutale aliigeuza polepole. Ncha moja ilikuwa imechunika, nyuzi zikining'inia, na alama za kucha zimeingia ndani.

"Kapya alishika huku," alisema. "Kule kwingine alishika nani?"

Nkandu aliketi chini kama mtu aliyechoka siku nyingi.

"Aliita. Nilizania anacheza. Nikamuambia, kufa basi, nitakula kuku ya kilio yako. Kisha nikaona macho yake. Nikamupa fimbo, akashika."

"Halafu?"

"Nikaizungusha mpaka akaachia."

Mwaba alitoa sauti ndogo.

"Juu ya nini ulimuua?"

"Siku ya kuzika mutoto wangu, Kapya alilala mu kaburi yake. Akasema shimo iko fupi, miguu yake inabakia inje, baongeze. Bantu bote bakacheka. Na miye nikacheka, chef! Baba yake! Sanduku iko mbele yangu, na miye nacheka." Machozi yalimtiririka. "Desturi inakataza kukasirika. Sasa ile hasira ningeiweka wapi?"

Mutale alikuwa na watoto, na kwa muda alimhurumia muuaji zaidi ya alivyotaka. Akatoa pingu.

"Ngojea, baba," Mwaba alisema.

Alisogea, akasimama mbele ya Nkandu. Hakumpigia kelele.

"Bwana yangu hana mutani mwingine hapa. Achimbe kwanza." Alimtazama machoni. "Na anichekeshe."

Nkandu alifungua mdomo. Watu wa Lukafu walisubiri, na Mutale naye alisubiri, pingu mkononi. Kilichosikika ni mto tu.