Majina Mawili Aliyoyaficha Bibi

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Kinsi alimvua mdogo wake Guleid shati na kumkagua. Mkononi, doa. Ubavuni, doa jingine la zambarau. Guleid alikuwa na miaka saba na hakupigwa na mtu. Alivilia damu hata akiegemea mlango. Jino likimtoka, alitema damu siku tatu. Majirani pale Isiolo walisema ni jicho baya. Kinsi, msichana wa darasa la saba, alikuwa amechoshwa na maneno hayo.

Jumatano moja ya mwaka 1979, Guleid aliamka goti limevimba, hawezi kukanyaga. Baba yao Abdinur alikuwa safarini Moyale na lori lake. Mama yao Sahra alikuwa amejifungua msichana na hajamaliza arobaini. Basi bibi mzaa mama, Abiba, ambaye watoto walimwita ayeyo kwa Kisomali, ndiye aliyejitanda shuka na kusema twende hospitali. Kinsi akambeba mdogo wake mgongoni. Ayeyo hakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo Kinsi ndiye aliyekuwa mkalimani.

Walimkuta Daktari Ntongai, Mmeru mwenye miwani, aliyetoka Nairobi kutafuta watu wenye ugonjwa mmoja adimu wa damu isiyoganda. Alilishika goti la Guleid taratibu, kisha akatandaza karatasi ya kuchorea ukoo wa mgonjwa.

"Muulize bibi," akamwambia Kinsi, "alizaa wavulana wangapi, na wako wapi?"

Kinsi akatafsiri. Ayeyo akajibu harakaharaka, huku akiwatazama akina mama waliopanga foleni mlangoni.

"Wawili," Kinsi akasema. "Wamekufa. Mmoja aliumwa na nyoka, mwingine aliugua homa."

Nyoka gani? Homa gani? Kinsi alijua ni uwongo mtupu. Wiki iliyopita alimsikia ayeyo akimwambia mama habari yote. Hersi alitahiriwa, akatoka damu mpaka akafa. Miaka miwili baadaye Robow naye akatahiriwa, yakawa yale yale. Na ayeyo alijifunza nini? Alibadilisha ngariba! Yule wa zamani, alisema, alikuwa na kisu cha mkosi. Huyu mpya, wa kijiji cha Chechelesi, ana mkono mwepesi. Naye angekuja Ijumaa kumtahiri Guleid. Keshokutwa!

Daktari akaandika. "Basi huenda si ule ugonjwa. Ule hupita kwa mama, ukawashika wavulana. Mfungeni goti, mrudi Jumatatu nimtazame tena."

"Jumatatu atakuwa kaburini!"

Kinsi mwenyewe alishtuka kusikia alivyopaza sauti. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda, haikushuka. "Futa hiyo, Daktari! Hakuna nyoka, hakuna homa. Hersi na Robow walikufa kwa kutahiriwa, na keshokutwa ni zamu ya huyu!"

Ayeyo hakuelewa yote, lakini majina ya wanawe aliyaelewa. Akamkamata Kinsi mkono, akamkaripia kwa Kisomali. "Nyamaza! Watu wakijua damu yetu ni mbovu, nani atakuoa? Na yule mtoto wa juzi, nani atamwoa?"

"Nisiolewe!" Kinsi akajibu, machozi yakimtoka. "Umemtafutia Guleid ngariba, hukumtafutia daktari!"

Hakuwahi kumjibu ayeyo namna hiyo. Daktari akainuka, akafunga mlango.

"Asiguswe na kisu," akasema. "Mwambie bibi si jicho wala mkosi. Mama huubeba ugonjwa huu bila kuugua, na si kosa lake. Hatujapata dawa ya kuuponya, lakini tunaweza kumwongezea kile damu yake inachokosa. Tohara ingoje mpaka nimpime." Kisha yeye pia akakasirika, akagonga meza. "Nimetembelea nyumba ngapi! Kila nyumba nyoka, kila nyumba homa. Kwenye karatasi zangu wagonjwa hawapo. Nikaombe dawa ya nani?"

Kinsi akatafsiri kila neno, hata ukali wake. Ayeyo akakaa kitini.

"Muulize," akamwambia Kinsi. "Kama ningesema ukweli alipokufa Hersi, Robow angekuwa hai?"

Kinsi hakutaka kuuliza. Akauliza.

Daktari alivua miwani. "Asingetahiriwa," akasema.

Guleid akalazwa siku hiyo hiyo. Akatundikiwa chupa ya maji ya damu yaliyotolewa kwa watu wazima wenye afya, na kufikia Ijumaa goti lilikuwa limeanza kunywea. Ngariba alipofika nyumbani alimkuta ayeyo amesimama mlangoni. Akarudishwa na begi lake. Wiki mbili baadaye majibu yakaja kutoka Nairobi. Ulikuwa ule ule ugonjwa.

Siku ya kuyachukua majibu, foleni ilikuwa ndefu. Ayeyo hakumngoja mkalimani. Aliwageukia akina mama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Mimi nilizaa Hersi. Nilizaa Robow. Damu iliwamaliza, si nyoka. Kama iko mwingine hapa, asifiche."

Wengine walitazama chini. Mwanamke mmoja, Nakal, Mturkana aliyetoka Ngaremara na mtoto mgongoni, akaanza kulia. Daktari akamkaribisha ndani.

Njiani kurudi nyumbani Kinsi alikuwa bado na kinyongo, na ayeyo alikiona.

"Kasirika," akamwambia. "Ni haki yako. Nilidanganya ili mama yako aolewe. Ameolewa, na wanangu wako kaburini. Mjukuu wangu, nikikwambia tena umdanganye daktari, nikatalie hivyo hivyo."