Asilimia Thelathini na Nne

"Usimwache afike majini!"

Redio ilikoroma sikioni. Shadia alikata kona ya Buzebazeba, pikipiki yake ya Boxer ikilia, kuku wakitawanyika, mama mmoja akimtukana kwa Kiha. Mbele yake Feliksi, tarishi wa wanunuzi wa ng'ambo, aliteremkia Ujiji kwa bajaji, kompyuta kifuani.

Bajaji haina ubavu mbele ya Boxer.

Ufukweni Feliksi alichomoka mbio kuelekea boti ya Yamaha. Shadia alimrukia mgongoni. Wote wawili wakaanguka juu ya dagaa walioanikwa.

"Basi, dada! Mi' nimetumwa tu!"

Bastola ya Glock kisogoni.

"Nani kakutuma?"

"Simjui, haki ya Mungu! Mzigo niliukuta stesheni, kwenye gunia la mihogo."

Alimfunga kwa kamba ya boti. Pingu alikuwa nazo kiunoni, ila tangu juzi hakutaka kuzigusa.

Redio tena. Bonaventura, mkuu wake, aliyemlea kikazi miaka tisa.

"Umempata? Safi, mwanangu. Sasa itose ziwani hiyo kompyuta. Usiifungue."

Shadia akashtuka. Kwa nini asiifungue?

Ndani mlikuwa na programu ya dada yake, Dakta Asia. Ilikokotoa nguvu inayopotea atomu inapogonga metali, ili ijulikane metali gani itavumilia huko juu kwenye setelaiti. Nakala zilikuwa mbili tu: ya Asia, na ya akiba kwa Bonaventura. Programu ilipovuja, akasingiziwa Asia. Na Shadia mwenyewe, kwa amri ya Bonaventura, ndiye aliyemtia pingu juzi, mbele ya wanawe.

Pingu zilipofungwa, Asia alimnong'oneza: "Sitoagi nakala mbili zinazofanana. Jaribu hidrojeni juu ya dhahabu. Yangu inapoteza asilimia thelathini na tatu. Ya bosi wako, thelathini na nne."

Shadia hakumwamini. Alidhani dada anatapatapa.

Sasa alipiga magoti mchangani, akaifungua kompyuta, akachagua hidrojeni juu ya dhahabu. Kwenye kioo atomu moja ilishuka, ikagonga bamba la dhahabu. Elektroni za dhahabu zikainyang'anya sehemu ya nguvu zake, nayo ikainuka kivivu.

34.

"Shadia? Umeitosa?"

Watu husema mashushushu hawana moyo. Wake ulipasuka pale pale, kwenye shombo la dagaa.

"Tayari, Mzee. Njoo umchukue mtu wako."

Kisha akapiga simu moja, polisi.

Baada ya robo saa Land Cruiser ikasimama. Bonaventura akashuka, anatabasamu.

"Shikamoo, Mzee." Alimnyooshea mikono yote miwili, kama alivyomsalimia miaka yote.

"Marahaba, mwanangu." Akampa mkono.

Ka! Pingu zikauma.

Bonaventura alitazama kioo cha kompyuta. Tabasamu likamkauka.

"Mwanangu, nisikilize..."

"Nilimfunga dada yangu kwa hizi hizi," Shadia alisema. "Kwa sababu ulisema wewe."

Askari walipomchukua Bonaventura, pamoja na Feliksi, Shadia hakugeuka. Alijikung'uta magamba, akavaa miwani ya jua, akawasha Boxer.

Mahabusu ni mwendo wa dakika kumi tu. Aliendesha polepole, maana bado hakujua angeanza kumwambia nini Asia.