Kishati Kilichosahauliwa Kambani

Haya yalimpata bibi yangu mzaa mama, Stamata, kijijini kwetu kwenye milima ya Arkadia. Nayaandika kama alivyonisimulia, bila kuongeza chumvi.

Ilikuwa siku ya kufua. Bibi alikuwa bado ndani ya arobaini, na kichanga chake kililia tangu asubuhi, kwa kuwa maziwa yalikuwa hayatoki. Mama mkwe wake, Areti, alijifunga kitambaa kichwani aende kanisani kwa sala ya jioni.

"Anua nguo za mtoto kabla jua halijazama," alisema. "Yule pepo Gelo huwafuata watoto wachanga kwa harufu."

"Huyo Gelo wenu, mama, tangu enzi za mahekalu hajafa tu?"

"Alikufa, mkwe wangu. Alikufa kigoli, hajazaa. Ndiyo maana anatafuta."

Bibi alicheka. Akaanua nguo, ila kishati kimoja alikisahau.

Alikiona kupitia dirisha, giza likiingia. Hapakuwa na upepo. Kishati kilikuwa kimetuna, kama kimevaliwa.

Akatoka mbio. Kamba ilikuwa tupu.

Nyuma yake, ndani ya nyumba, mtoto akanyamaza.

Bibi alirudi, akasimama kizingitini. Hakuona mtu. Lakini alisikia. Mtoto alikuwa ananyonya. Anameza, anapumua, ananyonya tena.

Alijua la kufanya, kila mwanamke kijijini alijua. Angetamka jina la Mama wa Mungu, na kilichoinama pale kingekimbia. Akafungua kinywa.

Mtoto alikuwa hajashiba tangu azaliwe.

Akafunga kinywa.

Areti aliporudi alimkuta mjukuu amelala, tumbo limejaa, amevaa kile kishati. Akampangusa mdomo kwa kidole. Akakitazama kidole kwa muda mrefu.

"Umemnyonyesha?" alinong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Maziwa yako yamekuwa baridi tangu lini?"

Kuanzia siku ile hakuna aliyemhimiza tena kuanua nguo, na mtoto hakulia kwa njaa tena.

Mtoto yule ndiye mama yangu. Alinenepa, akakua, akazeeka, na kishati chake nakitunza kwenye sanduku lililofungwa kwa ufunguo ninaouvaa shingoni.

Juzi binti yangu alijifungua. Maziwa yake hayatoki. Nilifungua sanduku nikitafuta shuka la kumfunika mtoto, mkono wangu ukagusa kile kishati.

Shingo ya kishati ilikuwa imelowa maziwa.