Njia Iliyoliwa na Mto

Kila asubuhi Kalondu alimvalisha mumewe viatu. Alianza na mguu wa kushoto, kwa sababu huo ndio uliokuwa na ganzi. Kisha alimshika Maluki kwapani na kumwambia, "Haya, Baba Kaveke. Moja, mbili, tatu."

Wakasimama pamoja.

Maluki alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja mjini Thika. Mwaka uliopita shinikizo la damu lilimpanda, akapata kiharusi. Alilazwa siku kumi na mbili. Alipotoka, upande wake wa kushoto ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Pale hospitalini mhudumu wa mazoezi aliwaambia, "Dawa ameze kila siku. Na atembee nusu saa kila siku, hata akilalamika. Mguu usipotumika unakauka."

Lakini atembee wapi? Barabara ya mtaa wao haikuwa na sehemu ya watu wa miguu. Bodaboda zilipita zikikwepana, na malori ya mchanga yalisukuma watu hadi mtaroni. Mahali salama palikuwa kule chini tu, kwenye Njia ya Mto.

Njia hiyo ilikatwa na watu wa mtaa wenyewe miaka minne iliyopita. Walifyeka kichaka kando ya Mto Chania, wakasawazisha udongo kwa majembe. Ilianzia darajani, ikapita chini ya nyumba zao, ikaishia kwenye mikuyu miwili mikubwa. Wafanyakazi waliipitia kwenda kazini. Wazee waliitumia kunyoosha miguu. Jumapili, akina mama waliipitia kwenda kanisani bila kuchafua viatu.

Chini ya njia, kati ya njia na maji, Kalondu alikuwa na shamba. Kwa kweli kilikuwa kipande tu cha ukingo wa mto, naye alikuwa amejilimia. Alipanda sukuma wiki juu na nduma chini, hadi jembe likagusa maji. Jirani yake Dalmas alilima kipande kilichofuata vivyo hivyo.

Baada ya kumtembeza mumewe, Kalondu alirudi shambani kuchuma mboga. Alizifunga mafungu, akaenda kuziuza stendi. Alirudi kupika, kufua na kumwogesha Maluki. Binti yao Kaveke, aliyeolewa Kimbo kule Ruiru, alipiga simu kila jioni. "Mama, umepumzika?" Kalondu alijibu kila mara, "Nitapumzika." Alikuwa akisema hivyo huku macho yakimfunga.

Mwezi wa nne mvua ilianza. Ilinyesha siku tatu bila kukoma. Siku ya nne asubuhi, Maluki na Kalondu walikuwa katikati ya njia wakati udongo ulipomeguka chini ya fimbo ya Maluki. Fimbo ilizama. Maluki akaenda upande, Kalondu akamvuta, lakini mtu mzima si kikapu. Maluki aliteleza hadi chini, akasimamishwa na nduma, miguu ikiwa ndani ya maji.

"Ngai! Baba Kaveke!" Kalondu alipiga kelele.

Wapita njia wawili walishuka wakamtoa. Hakuvunjika mfupa, lakini bega lake lilivimba, na alitetemeka mwili mzima. Alipofikishwa nyumbani alisema neno mojamoja, kama alivyozoea kusema tangu augue.

"Mimi. Sitoki. Tena."

Na kweli hakutoka. Alikaa kwenye kiti akitazama ukuta.

Kalondu alichukua jembe akaenda kuziba pale palipomeguka. Alimwaga udongo, akaushindilia kwa miguu. Mvua ikanyesha, udongo ukaenda. Akaziba tena. Ukaenda tena. Mara ya nne alikuwa anachota udongo huku machozi yakimtoka, wala hakujua analia nini.

"Mama Kaveke," sauti iliita kutoka juu. "Huo mto unaulisha mpaka lini?"

Alikuwa Waithira, jirani aliyezoeleka kwa jina la Mama Eddie. Kwa miaka kumi na mmoja Waithira alifanya kazi milimani, katika kikosi cha kutengeneza njia za watu wanaotembea msituni. Aliacha kazi goti lilipomshinda.

"Naziba njia," Kalondu alisema.

"Naona. Lakini udongo mlegevu ni chakula cha maji. Unaweka, mto unakula."

"Sasa nifanye nini?"

"Usiniamini mimi. Leo mchana itanyesha. Njoo tusimame hapa, uone mwenyewe maji yanapita wapi."

Mvua ilipoanza, wanawake wawili walisimama pale wakiwa wamejifunika mifuko ya nailoni. Maji yalishuka kutoka kwenye mapaa ya nyumba za juu. Yakaingia kwenye njia. Hayakuivuka. Yaligeuka, yakafuata njia yenyewe kama mfereji, yakiongezeka kila hatua. Yalipofika pale palipomeguka, yalianguka chini kwa kishindo, yakabeba udongo mwekundu hadi mtoni.

"Umeona?" Waithira aliuliza. "Maji ni mavivu. Yakipata pa kupita kwa urahisi, hayatafuti kwingine. Njia yetu imekuwa shimo refu kwa kukanyagwa, kwa hivyo maji yamehamia humo."

"Na mbona yanaangukia hapa peke yake? Mbona si kule mbele?"

Waithira aligeuka. Kisha akanyooshea kidole mahali pa mbele, ambapo hakuna mtu aliyelima. Ukingo ulikuwa na vichaka na majani, nayo njia ilikuwa nzima. Akarudisha kidole kwenye sukuma wiki.

"Kule kuna mizizi. Mizizi inashika udongo kama vidole. Hapa tumeing'oa yote, na kila wiki tunalegeza udongo kwa jembe. Sheria yenyewe inasema tuache angalau mita sita kutoka ukingo wa mto bila kulima. Si kwa kutuonea. Ni kwa sababu ya hii unayoiona."

Kalondu alimgeukia. "Kwa hivyo ni mimi? Ati sukuma yangu ndiyo imemwangusha bwana wangu?"

"Si wewe peke yako. Ni sisi wote, na mapaa yetu, na—"

"Mama Eddie, mimi nimechoka! Naogesha mtu mzima, nalima, nauza, napika. Hii mboga ndiyo tunakula. Sasa uje uniambie ning'oe? Usiniongezee mzigo, tafadhali."

"Sijasema uache kulima," Waithira alisema polepole. "Nimesema uhame. Ukitaka nikuonyeshe, nyumbani kwangu unapajua."

Kalondu aliondoka bila kuaga.

Wiki mbili zilipita. Siku ya kliniki, daktari alipima shinikizo la Maluki, akatikisa kichwa. Lilikuwa limepanda tena. Akamwambia ainue kidole gumba cha mguu wa kushoto. Zamani kiliinuka kidogo. Sasa hakikusonga.

"Hatembei?" daktari aliuliza.

"Alianguka," Kalondu alijibu. "Anaogopa."

Waliporudi, Kalondu alimweleza mumewe yote aliyosema Waithira. Alitarajia Maluki akasirike pamoja naye. Maluki alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatafuta maneno.

"Basi," alisema, "njia. Tuliikata. Wenyewe. Tukaivunja. Wenyewe."

Kalondu aliketi kitandani na viatu vyake vya matope, hata hakuvivua.

Kesho yake alienda kwa Waithira. Uani aliona magunia sita yaliyosimama kama watu wanene. Sukuma wiki iliota juu na ubavuni pia.

"Unachanganya udongo na samadi," Waithira alieleza. "Katikati unapanga mawe madogo, kutoka chini hadi juu. Hapo ndipo unamwagia maji, yafike kila mahali. Ubavuni unatoboa vitundu, unapanda miche. Gunia moja linabeba miche arobaini. Na huinami."

"Huinami?" Kalondu aliuliza.

"Huinami hata kidogo. Goti langu ndilo lilinifundisha."

Kalondu aling'oa shamba lake kwa siku mbili, ili ukingo upandwe nyasi za kushika udongo kama Waithira alivyomshauri. Miche aliihamishia kwenye magunia mlangoni pake. Dalmas alimwona akacheka.

"Mama Kaveke, unang'oa chakula upande nyasi? Nyasi utapika?"

Kalondu aliendelea kung'oa. Hakuwa na nguvu za kubishana. Lakini wiki hiyohiyo mvua ilimega ukingo wa Dalmas na kuondoka na migomba yake mitatu iliyokuwa karibu kuzaa. Jumamosi, Waithira alipowaita majirani kuitengeneza njia, Dalmas alikuja na jembe begani, akasimama pembeni, akasema, "Nionyesheni pa kuanzia."

Walikuwa watu kumi na wanne, na walifanya kazi Jumamosi nne. Waithira alikaa juu ya jiwe akinyoosha goti, akielekeza. Kwanza walichimba mtaro juu ya njia, ukayapeleka maji ya mapaa hadi kwenye korongo la zamani. Pale palipomeguka hawakujaza udongo tena. Waliisogeza njia ndani, mbali na mto.

"Iinamisheni kidogo tu upande wa mto," Waithira alisema. "Maji yavuke na kuondoka. Yasitembee na sisi."

Kila baada ya hatua kumi walipanga mawe mshazari kuikatiza njia, ili maji yaliyobaki yatoke. Mwisho walipanda ukingoni nyasi za vetiva, mistari mitatu. "Mizizi yake inashuka chini kuliko urefu wa mtu," Waithira aliwaambia. Karibu na maji walipanda mianzi. Sehemu zilizokuwa na vichaka waliziacha kama zilivyokuwa.

Kazi haikuisha hapo. Mwezi wa saba jua lilikuwa kali, na nyasi zilianza kunyauka. Walipeana zamu ya kumwagilia. Zamu ya Kalondu ilikuwa Jumanne, na Jumanne nyingi alitamani mtu mwingine aende. Alienda.

Maluki naye, alipoona njia mpya imeshika, alirudi njiani. Siku ya kwanza alipiga hatua kumi, akarudi. Wiki iliyofuata ishirini. Alilalamika sana, na kwa kulalamika maneno yake yakaanza kuungana tena. Kalondu alimshika, akalalamika pia.

Mvua za vuli zilipokuja, zilinyesha usiku na mchana. Kalondu alishuka na mwavuli kuangalia. Maji yalifika kwenye njia, yakaivuka, yakaingia ndani ya nyasi na kutoka chini yakiwa yametulia. Njia ilikuwa nzima kutoka darajani hadi kwenye mikuyu.

Asubuhi moja mwezi wa kumi na moja, Kalondu aliamka akakuta jua limeshapanda. Kitanda upande wa pili kilikuwa kitupu. Alikimbia hadi mtoni na leso kiunoni.

Maluki alikuwa anakuja kwenye njia, fimbo mkononi, akiwapisha wafanyakazi. Mmoja alimwambia, "Habari ya asubuhi, mzee," naye akaitika.

"Umetoka wapi?" Kalondu aliuliza, akihema.

"Mwisho wa njia."

"Peke yako? Na mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala," Maluki alisema. "Nikaona, mwache alale."

Kalondu alitaka kumgombeza. Badala yake akaketi kwenye majani yenye umande.

"Kaa hapo," Maluki alimwambia. "Naenda tena hadi mwisho."

Akageuka. Kalondu alimtazama akienda. Mguu wa kushoto uliburuzika kidogo, ukainuka, ukakanyaga udongo mgumu. Mikono ya Kalondu mwenyewe ilikuwa mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, hakuwa ameshika mtu wala kitu.