Siku Mpangaji Alipoachia Mkono

Kila asubuhi, kabla hajatia mguu nje, Kasuku alisimama mlangoni ameinyoosha mikono mbele, na mama yake akampaka mafuta ya kufukuza mbu kuanzia viganjani mpaka mabegani. Kituo cha basi kilikuwa kando ya mtaro wa maji yaliyotuama, na mbu wa pale hawakuwa na mchezo.

"Mama, ninanuka mchaichai mpaka abiria wananikimbia," Kasuku alilalamika.

"Si ndiyo unapata nafasi ya kukaa? Geuza mkono. Mwaka jana ulipolazwa na malaria nililala kwenye kiti cha hospitali mpaka shingo ikapinda. Sina hamu na kile kiti tena."

Kasuku halikuwa jina lake la shule. Walimbandika tangu utotoni kwa sababu alikuwa haishiwi maneno; hata mwalimu akimnyamazisha, alimalizia kwa mikono yale aliyokatizwa. Likizo ile alikuwa amepata nafasi ya mafunzo ya vitendo katika jumba la samaki la mji wao. Shule nzima ilipewa nafasi mbili tu. Ya pili ilimwangukia mvulana wa darasa lake, mwembamba na mrefu kupita kiasi, ambaye wenzake walimwita Ngongoti.

Watazamaji hupita mbele ya vioo vya matangi, kwenye mwanga wa buluu na zulia safi. Wanafunzi hawa wawili walifanya kazi nyuma ya vioo, ambako sakafu haikauki, pampu hazinyamazi, na harufu ya samaki wa barafu hukufuata mpaka nyumbani. Aliyewasimamia alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, aliyeitwa na kila mtu Mama Matangi. Alikuwa na sheria nyingi, lakini moja aliirudia kuliko zote. Mtu hatii mkono tangini kabla hajanawa kwenye karo la saruji lililokuwa mlangoni, kwa sabuni isiyo na harufu, mpaka kwapani, kisha ajisuuze hadi ngozi iache kuteleza. Baada ya hapo Mama Matangi huuliza, "Umenawa?" Akijibiwa, hufungua kifuniko cha tangi. Hata mkurugenzi, siku alipoleta wageni wake na kutaka kujionyesha, aliulizwa mbele yao.

"Huyu mama, hata mvua ikinyesha ataiuliza kama imenawa," Ngongoti alinong'ona siku ile, na Kasuku akalazimika kujifanya anakohoa.

Katika viumbe wote wa jumba lile, Kasuku alimpenda pweza. Walimwita Mpangaji, kwa kuwa aliishi ndani ya chungu kisichokuwa chake na hakuacha kuhamisha mawe, kama mtu asiyeridhika na mpangilio wa sebule. Kaa wa kula alipewa ndani ya chupa yenye kifuniko, naye alikizungusha na kukifungua mwenyewe. Kasuku alipotia mkono, Mpangaji alitoka chunguni polepole, akauzungushia mikono yake miwili mitatu na kuushikashika kwa vinyonyeo, vile vikombe vidogo vilivyopangana mikononi mwake.

"Hapo anakuonja," Mama Matangi aliwaeleza. "Pweza huonja kwa vile vinyonyeo kama wewe unavyoonja kwa ulimi. Sasa jiulize, wewe ungependa kulamba kitu gani?"

Siku ya mkosi ilianza na basi kuharibika njiani. Kasuku alimalizia safari kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia, jasho likimchuruzika. Alipofika, watoto wa shule ya msingi walikuwa wamejipanga langoni wakisubiri kufunguliwa. Alipoingia nyuma ya vioo alikuta Ngongoti amelishika karo, anaosha ndoo, na Mama Matangi ameng'ang'ania kwa mikono miwili bomba lililofyatuka kwenye tangi la jirani.

"Kasuku, njoo upesi," Mama Matangi aliita bila kugeuka. "Chupa ya Mpangaji imeziba mdomo wa bomba la kutolea maji, tangi litafurika. Umenawa?"

"Nimenawa," alisema Kasuku.

Neno lilimtoka lenyewe, jepesi, kama lilivyotoka kila siku. Alijiambia kwamba maji ni mengi na mkono ni mmoja, tena ni leo tu. Akakunja mkono wa shati, akafungua kifuniko mwenyewe, akazamisha mkono mpaka begani na kuishika chupa.

Mpangaji alitoka chunguni kama kawaida yake. Aliuzungushia mkono wa Kasuku mikono miwili. Kisha akaachia yote kwa pamoja, kama mtu aliyenyanyua sufuria ya moto bila kitambaa, akarudi nyuma kwa kasi mpaka akagonga kioo. Kasuku alidhani amemshtua kwa haraka zake. Akatoa chupa, maji yakaanza kupita, na Mama Matangi akamwambia ahsante.

Watoto walipoingia, Kasuku alitumwa mbele kuwaeleza habari za wanyama, kazi aliyoipenda kuliko zote. Walipofika kwa pweza, kitoto kimoja cha kike kilibandika pua kwenye kioo.

"Dada, mbona huyu amekuwa mweupe?"

Kasuku akatazama. Mpangaji, ambaye siku zote alikuwa na rangi ya matofali, alikuwa amelala chini mweupe kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mikono yake haikushika jiwe wala chungu. Ilikuwa imetawanyika tu, na mwili ulipanda na kushuka mbio mbio.

"Amelala," Kasuku akasema, na kuwapeleka watoto kwa kasa. Mwalimu wao ndiye aliyesoma kibao.

Nyuma ya vioo Mama Matangi alikuwa ameshapima maji. Chumvi ilikuwa sawa, joto sawa, hewa sawa. Akapima tena, akitumaini kukosea. Kasuku alisimama pembeni, akafuta jasho la juu ya mdomo kwa mkono wake, na hapo harufu ya mchaichai ikampanda puani.

Dawa ile inayomfukuza mbu asitue hata kwenye ngozi, alikuwa ameitia ndani ya tangi la kiumbe anayeonja kwa ngozi yake. Akaenda karoni, akajisugua kwa sabuni na brashi mpaka mkono ukawa mwekundu. Alijua wazi kwamba kunawa kule hakumsaidii mtu yeyote, lakini hakuweza kuacha.

Daktari wa wanyama alifika akiwa bado na kofia ya pikipiki kichwani. Alikuwa mwanamke mtaratibu. Alinawa, akaulizwa, akajibu, akamgusa Mpangaji kwa ncha za vidole. Mpangaji hakumshika.

"Ameingiwa na sumu au ana ugonjwa," alisema. "Ukiwa ugonjwa nina dawa. Ikiwa ni sumu, dawa hiyohiyo itammaliza. Nikikisia vibaya nitakuwa nimemuua mimi."

"Kwa hiyo?" Mama Matangi aliuliza.

"Kwa hiyo nieleze alichokula na alichogusa. Yeye hawezi kuniambia."

Kaa wa asubuhi ile alikuwa ametolewa kwenye barafu na Ngongoti. Mama Matangi akamwita, na yule mvulana akaja akiwa ameshika brashi ya kusugulia.

"Kaa ulimtoa sanduku lipi?"

"Lile la chini, mama."

"Una hakika si la juu, lenye wale waliolainika na kuharibika?"

"La chini," alisema Ngongoti, lakini sauti ilikuwa imeanza kuyumba. "Nadhani la chini. Nililifunga. Au nililiacha wazi kidogo nilipokwenda kuchukua chupa? Sijui, mama. Labda nililiacha wazi."

Kasuku alitaka kusema. Alifungua mdomo. Yeye, ambaye nyumbani aliombwa apumue katikati ya maneno, aliona maneno yamejaa kooni kama watu mlangoni, hakuna anayempisha mwenzake. Aliwaza mwalimu mkuu, aliyempa nafasi ile mbele ya shule nzima. Aliwaza uso wa Mama Matangi. Mdomo ukafungika.

"Vua buti, uende nyumbani kwanza," Mama Matangi alimwambia Ngongoti, si kwa ukali. "Nitaongea na shule yenu. Siwezi kukuacha ulishe wanyama kabla sijajua."

Ngongoti aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuvuta buti la kwanza. Miguu yake mirefu ilikuwa imemkunjikia mpaka magoti yakafika kidevuni. Siku nyingine Kasuku angemtania kwamba anafanana na kiti cha kukunja.

"Ni mimi tu, Kasuku," alisema polepole. "Nilikuwa na haraka. Kumbe haraka inaweza kuua pweza."

Hakulia. Ingekuwa heri angelia. Alikuwa amekwisha kujihukumu kwa kosa asilolifanya, naye anavuta buti la pili.

"Usivue," alisema Kasuku.

Wote wakageuka.

"Sikunawa. Mama Matangi, uliponiuliza nilikudanganya. Nilikuwa nimepakwa mafuta ya mbu mkono wote. Nilitia mkono mpaka hapa." Akaonyesha bega.

Pampu zilinguruma. Kasuku alitamani apigwe kofi yaishe.

Mama Matangi hakumpiga wala hakupaza sauti. "Mafuta ya chupa au ya kopo?" aliuliza, Kasuku akamjibu ni ya kopo. "Kopo lina rangi gani? Daktari, andaa lile tangi tupu. Ngongoti, rudisha buti, lete ule mkaa wa kuchujia maji, mifuko yote. Umenawa?"

"Nitanawa, mama," Ngongoti alisema, tayari anakimbia.

Walimhamisha Mpangaji kwa chombo cha plastiki mpaka kwenye maji mapya ya lile tangi tupu. Alipobebwa hakujishika popote, na hilo ndilo lililomuumiza Kasuku kuliko yote, kwa maana kumbandua pweza mzima ni kazi ya watu wawili. Wakamwaga maji ya tangi lake, wakalijaza upya na kuweka mkaa kwenye chujio. Kasuku alizunguka akitafuta pa kusaidia.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Hakuna," alisema daktari.

"Nimpepee hewa? Nichote maji?"

"Hakuna, binti yangu. Mimi mwenyewe sina la kufanya sasa. Tunasubiri."

Kwa hiyo alikaa. Aliuona mwili ule mweupe ukipanda na kushuka, akawa anavuta pumzi pamoja nao bila kujijua. Jumba lilipofungwa, Mpangaji alikuwa vilevile. Daktari alimwambia Kasuku aende nyumbani, kwa sababu macho yake hayakuwa yakimponya mtu.

Nyumbani alimweleza mama yake kila kitu. Mama aliligeuzageuza kopo la mafuta mkononi.

"Nilikupaka mimi," alisema mwishowe.

"Ulinipaka kwa ajili ya mbu, mama. Kunawa ilikuwa kazi yangu."

Asubuhi iliyofuata Mpangaji, aliyekuwa amerudishwa kwenye tangi lake, alikuwa bado mweupe, ila ncha ya mkono mmoja ilikuwa imeshika ukingo wa chungu. Asubuhi nyingine ikafuata, ikawa hivyohivyo, wala daktari hakutaka kuahidi. Mkono mmoja ulioza nchani, ukakatika. Kasuku hakuruhusiwa kusogelea tangi lolote. Alipiga deki njia za watazamaji na kufuta alama za vidole kwenye vioo, na kila alipofika kwa Mpangaji alifuta polepole kuliko kwingine. Ngongoti alipita na ndoo yake, akasimama.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua. Samahani, Ngongoti. Nilikuacha uvue buti."

"Buti moja na nusu," akasahihisha, akaenda zake. Baadaye akarudi na kitambaa kikavu, akafuta sehemu ya juu ya kioo ambayo Kasuku hakuifikia.

Siku chache baadaye, daktari aliinama juu ya tangi na kurushiwa maji usoni. Mpangaji alikuwa amerudia rangi yake ya matofali, na chini yake mawe yalikuwa yamehamishwa. Daktari akavua miwani, akaifuta, akacheka mpaka akakaa.

Jioni ile Mama Matangi alimwita Kasuku karoni.

"Mkono uliokatika utaota," alisema. "Pweza ana bahati hiyo. Nataka uelewe kitu kimoja, kisha sitakisema tena. Kuacha kunawa kwa sababu ya haraka kungeweza kumpata yeyote, hata mimi. Ungeniambia palepale, tungebadilisha maji na Mpangaji asingepoteza kitu. Kilichotaka kumuua ni ule muda uliokaa kimya. Wanyama hawa hawasemi. Daktari hana wa kumuuliza ila sisi, na tukisema uongo tunawaziba mdomo mara ya pili. Tena ulikuwa karibu kumharibia mwenzako jina lake, naye alianza kuamini kwamba anastahili. Ukweli wako ulichelewa, lakini ulifika, ndiyo maana Mpangaji yuko hai na wewe uko hapa."

Kasuku aliitikia kwa kichwa.

Wiki ya mwisho ya mafunzo, siku aliporuhusiwa tena kusogelea matangi, alifika mapema, akanawa kwa sabuni isiyo na harufu mpaka kwapani, akajisuuza hadi ngozi ikaacha kuteleza. Mama Matangi alikuwa amesimama kando ya tangi la pweza, ameshika chupa yenye kaa.

"Umenawa?" aliuliza.

Kasuku alinyoosha mikono yake mbele ili akaguliwe.

"Sikukuambia unionyeshe mikono," alisema Mama Matangi. "Nimekuuliza."

"Nimenawa," alisema Kasuku.

Mama Matangi akamkabidhi chupa na kufungua kifuniko, bila kuitazama ile mikono.